Mfumo Ukae kwenye Diski, Usikae kwenye Kadi

Nawasalimu walioko Palma mjini, Kionga, Olumbe, Pundanhar na Quitunda, na jamaa zetu waliovuka Ruvuma ambao hadi leo wako upande wa Mtwara. Nimekuja na ombi la kiufundi, nami nitalieleza taratibu ili hata asiyewahi kufungua kompyuta alielewe. Mwalimu, muuguzi au kijana yeyote atakayeletewa kompyuta ya bodi moja, mfumo wake asiuweke kwenye memori kadi. Auweke kwenye diski ya nje.

Kompyuta ya bodi moja ni ile ambayo vyote muhimu vimepachikwa kwenye kibao kimoja kinachoenea kiganjani: kichakataji, kumbukumbu, matundu ya USB, tundu la waya wa mtandao na la skrini. Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kutoka Cambridge, Uingereza, kwa dola 35. Walioibuni walitaka watoto wapate kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu. Zipo za makampuni mengine, kama Orange Pi na Odroid, lakini leo nashikilia Raspberry Pi kwa sababu ndiyo yenye maelezo mengi na mafundi wengi wanaoifahamu. Bodi hii haiji na mfumo ndani. Ukiichomeka kwenye umeme hivihivi, taa nyekundu itawaka, basi. Mfumo unaupeleka wewe, na mfumo wenyewe ni Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Raspberry Pi OS, ambao ndio mfumo wake wa kawaida, umejengwa juu ya Debian. Ni bure, na nakala yake unaruhusiwa kumpa jirani, shule ya pili na ya tatu, bila kumkosea mtu.

Kwa nini nalileta jambo hili hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji? Kwa sababu hapa ndipo linapohitajika kuliko mahali pengi. Tarehe 24 Machi 2021, mji ulipovamiwa, mawasiliano ya simu yalikatika siku ileile. Watu walikimbia kwa miguu, kwa mashua hadi Pemba ya hukuhuku Msumbiji, wengine wakavuka Ruvuma. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wa gesi wa Afungi, na haikuondoa tangazo lake la kusimama hadi Novemba 2025. Katika miaka hiyo watu wamekuwa wakirudi kidogo kidogo, wanajenga upya, watoto wanarudi darasani. Vitabu ni vichache. Intaneti ipo pale mnara unapofanya kazi na pale mfukoni pana pesa ya bando. Ukitaka kumpa mwanafunzi maktaba chini ya hali hiyo, njia inayowezekana ni kuileta maktaba yenyewe mpaka darasani, ikae pale, isomeke bila kuomba ruhusa ya mnara.

Na hilo linafanyika. Ipo programu inayoitwa Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inayokuwezesha kuhifadhi Wikipedia nzima ndani ya faili moja na kuisoma bila intaneti. Ya Kiswahili ipo. Ya Kireno ipo, nayo ndiyo itakayomsaidia mtoto wa Palma kwenye mitihani, kwa sababu mitihani yake ni ya Kireno. Bodi moja ya Raspberry Pi inaweza kurusha mtandao wake wenyewe wa Wi-Fi ndani ya darasa. Wanafunzi wanajiunga kwa simu na kusoma. Jirani zetu wa Tanzania walilijaribu mapema. Shirika la Powering Potential, lililoanza kazi zake Karatu, liliweka katika shule za sekondari Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, pamoja na maktaba ya RACHEL, ambayo nayo haihitaji intaneti. Ni shule za vijijini, zilizo mbali na gridi ya umeme.

Sasa nije kwenye kadi.

Raspberry Pi ilizaliwa ikitegemea memori kadi. Kikadi kidogo, sawa na kile cha kwenye simu, kinachomekwa upande wa chini wa bodi, na humo unakaa mfumo mzima. Kwa anayejifunza nyumbani Cambridge, mahali ambapo umeme haukatiki, kadi inatosha. Kwa Palma haitoshi, na sababu ni ya kimaumbile. Kumbukumbu iliyo ndani ya kadi huandikwa na kufutwa kwa mafungu, na kila fungu lina idadi ya mara linazoweza kufutwa kabla ya kuchoka. Mfumo wa Linux hauachi kuandika: unaweka kumbukumbu za matukio, unaandika saa, unahifadhi mafaili ya muda. Simu huitumia kadi kwa picha na nyimbo, lakini mfumo huiandika mchana na usiku. Zaidi ya hapo, kuna kile kinachotokea umeme unapokatika ghafla katikati ya kuandika. Ndani ya kadi kuna kidhibiti kidogo kinachokumbuka kila kipande cha data kimewekwa wapi. Umeme ukikatika kikiwa katikati ya kuhamisha vipande, kumbukumbu hiyo inaweza kuvurugika, na mafaili yaliyoharibika huenda yasiwe hata yale uliyokuwa ukiyaandika. Asubuhi mwalimu anawasha, skrini inamwaga maandishi meupe, kisha inaganda. Anaambiwa kompyuta imekufa. Kompyuta haijafa. Kilichokufa ni kadi.

Na hapo sijataja kadi bandia. Zinauzwa kwenye meza na vibanda vya pwani nzima: kadi imeandikwa gigabaiti 128 huku ndani ina 8. Kidhibiti chake kimepangwa kudanganya. Ukiichomeka, kompyuta inakuambia 128, unajaza, na baada ya zile 8 za kweli data inaanguka kusikojulikana. Anayenunua kadi, flashi au diski akiwa na shaka, asakinishe programu ndogo ya bure iitwayo f3 kwenye kompyuta ya Linux. Inaandika mafaili hadi kujaza, kisha inayasoma yote na kukuambia ukweli. Inachukua saa kadhaa kwa diski kubwa, na saa hizo ni heri kuliko kupoteza mwaka wa kazi.

Diski ya SSD ina kumbukumbu ya jamii hiyohiyo, lakini kidhibiti chake kimetengenezwa kwa kazi ya kubeba mfumo. Kinasambaza uandikaji sehemu zote ili pasichoke mahali pamoja, kina nafasi ya akiba, na kinasahihisha makosa kwa uhodari zaidi. Sisemi haiharibiki umeme ukikatika, inaweza. Lakini uwezekano ni mdogo zaidi, na umri wake ni mrefu zaidi. Kasi nayo ni jambo jingine. Kwenye Pi 4, kadi husoma kiasi cha megabaiti 40 hivi kwa sekunde, ilhali SSD iliyochomekwa kwenye tundu la bluu hupita 300. Wanafunzi kadhaa wakitafuta makala kwa wakati mmoja, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Halafu pana nafasi. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi gigabaiti 100. Ya Kireno nayo si ndogo. SSD ya gigabaiti 240 au 480 ina nafasi ya hayo, na ya vitabu vya darasani, na ya video za masomo.

Usidhani lazima iwe mpya. Laptopu nyingi zilizovunjika skrini au zilizokufa bodi zina SSD nzima ndani, ile ya bapa ya inchi mbili na nusu. Unaifungua, unaitoa, unainunulia waya wa kubadilisha tundu lake la SATA kuwa USB. Waya huo una ncha mbili tu na hauhitaji ufundi wowote. Diski za zamani zinazozunguka nazo zinawezekana, ila zinakula umeme mwingi, na ukiangusha moja ikiwa inafanya kazi, hairudi.

Chukua kalamu sasa, msikilizaji, hasa wewe fundi.

Unahitaji kompyuta nyingine ya kuandalia, laptopu ya Windows au ya Linux. Unaweka humo programu ya Raspberry Pi Imager, iliyotolewa mwaka 2020 na wenye bodi wenyewe. Faili la mfumo lipakue mara moja tu, mahali penye intaneti nzuri, Pemba au Mtwara, ulihifadhi kwenye flashi. Imager inakubali faili ulilo nalo mkononi, kwa hiyo usilipakue upya kwa kila mashine. Kama hutaki madirisha na picha, chagua toleo la Lite, ambalo ni jepesi na kwa kazi ya maktaba linatosha kabisa. Kabla ya kuandika, programu inaweza kukuuliza jina la mtumiaji, neno la siri na mtandao. Jibu hapohapo. Tangu mwaka 2022 mfumo huu hauji tena na mtumiaji wa kawaida aitwaye pi mwenye neno la siri linalojulikana na dunia nzima, na ni vizuri hivyo.

Kisha unachagua diski ya kuandikia. Hapa tulia. Imager itafuta kila kilichomo kwenye diski utakayoichagua, haitabakisha hata picha moja. Chomoa flashi na diski nyingine zote kwanza. Tazama ukubwa unaoandikwa: kama SSD yako ni ya 240, hakikisha unachokichagua kinasoma karibu na 240. Ikimaliza kuandika inasoma tena kuhakikisha. Usiikatize kwa haraka ya swala au ya chakula.

Diski ikiwa tayari, ichomeke kwenye bodi, kwenye tundu la bluu, na kadi usiweke kabisa. Bodi inapopata umeme, kitu cha kwanza kuamka ni programu ndogo iliyo kwenye chipu ya bodi yenyewe, na kazi yake ni kutafuta mfumo ulipo. Inafanya kama mgeni anayebisha hodi nyumba kwa nyumba: hapa hamna mtu, anakwenda ya pili. Orodha ya nyumba hizo inaitwa BOOT_ORDER, na inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye Pi 4 kwa kawaida imeandikwa 0xf41: ya kulia kabisa ni 1, yaani kadi, inayofuata ni 4, yaani USB, na f maana yake anza upya. Kwa hiyo usipoweka kadi, inakwenda yenyewe kwenye diski. Ukitaka ianze na diski hata kama kadi ipo, unaifanya 0xf14, na hilo unalibadilisha ndani ya programu ya mipangilio iitwayo raspi-config, kwenye sehemu ya mpangilio wa kuwasha, bila kuandika namba yoyote kwa mkono.

Matoleo yanatofautiana, na wengi wanakwama hapa. Pi 3 ya mwaka 2016 inaweza kuwaka kwa USB, lakini kwanza lazima uiwashe kwa kadi, uongeze mstari program_usb_boot_mode=1 kwenye faili la config.txt, uizime na kuiwasha. Mstari huo unabadilisha kitu ndani ya chipu mara moja na milele, haurudi nyuma. Hauna madhara, kadi bado itafanya kazi. Pi 3B+ ya mwaka 2018 imekuja na uwezo huo tayari. Pi 4, ajabu yake, ilipotoka Juni 2019 haikuweza kuwaka kwa USB. Uwezo ulikuja mwaka 2020 kwa kusasisha programu ya chipu. Ukipewa Pi 4 ya zamani na ikagoma kuiona diski, usiitupe. Iwashe mara moja kwa kadi yenye mfumo mpya, isasishe, kisha iondolee kadi. Pi 5 iliyotoka mwaka 2023 haina shida hiyo, na ina hata njia ya kufungia SSD ya aina ya NVMe kwa kibao cha nyongeza.

Ikiwaka vizuri kwa mara ya kwanza, toleo la Lite linaonyesha matunda manne ya raspberi juu ya skrini, moja kwa kila kiini cha kichakataji, na chini yake mistari inapita kasi. Taa ya kijani kwenye bodi, ambayo kwa kadi ingekuwa ikipepesa bila kupumzika, sasa inapepesa kidogo tu mwanzoni. Kazi imehamia kwenye diski, na kama waya wako una taa, ndiyo itakayopepesa. Mfumo unajitanua wenyewe ujaze diski yote, unajizima na kujiwasha, halafu unakuuliza jina lako. Andika amri ya lsblk. Ukiona sda, yaani diski, imebeba mfumo na hakuna mmcblk0, yaani kadi, popote, umefaulu: kadi haimo kabisa katika kazi hii.

Sasa umeme. Nikiulizwa kwa nini mitambo hii midogo hushindwa katika nchi zetu, nitajibu umeme kabla ya kutaja kitu kingine chochote. Pi 4 inataka adapta ya volti 5 na ampia 3. Pi 5 inataka ampia 5. Ukiipa ya ampia 3, umeme wa vifaa vyote vya USB unabanwa hadi miliampia 600, na SSD inaweza kuzimika katikati ya kazi. Chaja ya simu inadanganya: imeandikwa 3 lakini waya wake mwembamba unaila volti njiani. Bodi huona volti zikishuka chini ya 4.63 na kuonya, kwa alama ya radi kwenye skrini. Kama huna skrini, andika vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni zuri. Ukipata 0x50000, maana yake tangu iwashwe umeme umewahi kushuka na bodi imejipunguzia kasi, na usiendelee kuhangaika na programu kabla hujabadilisha chaja na waya.

Kuna kosa jingine linalofanana na la umeme lakini silo. Baadhi ya nyaya za kubadilisha SATA kuwa USB zina chipu isiyoelewana na Linux katika njia ya kasi iitwayo UAS. Diski inaonekana, mfumo unaanza, kisha kila kitu kinaganda kwa nusu dakika, kinaendelea, kinaganda tena. Dawa ni kutazama namba ya waya kwa lsusb, kisha kuongeza mwishoni mwa mstari wa faili la cmdline.txt maneno usb-storage.quirks=, ikifuatiwa na namba hiyo na :u. Faili hilo ni mstari mmoja tu. Ukibonyeza kitufe cha kushuka mstari, bodi haitawaka. Kasi itapungua kidogo, utulivu utarudi.

Kwa jua, hesabu ni nyepesi. Pi 4 pamoja na SSD inakula takriban wati 5 hadi 8. Chukua 7, kwa saa 24 ni wati-saa 168. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 50 ina wati-saa 600. Tumia nusu yake tu ili isife mapema, unabaki na 300. Maktaba yako inavuka usiku na mchana unaofuata hata mbingu ikifunga siku ya masika. Unahitaji kipunguza volti kizuri cha kushusha 12 kuwa 5, na usifunge bodi moja kwa moja kwenye betri, utaiunguza papo hapo. Bodi iwekwe kwenye kasha la chuma linalotoa joto, maana ikifika nyuzi 80 inajipunguzia kasi, na isiwekwe dirishani panapoingia upepo wa bahari. Chumvi inakula vichwa vya USB. Fundi yeyote wa pwani anajua rangi ile ya kijani.

Nisisahau saa. Pi 4 na za kabla yake hazina saa ya ndani yenye betri. Zikizimwa, zikawashwa bila intaneti, zinaamini wakati umesimama pale zilipozimika. Kwa kusoma makala hilo halidhuru. Kwa kituo cha afya kinachoandika tarehe za chanjo, linadhuru sana. Nunua kimoduli cha saa cha DS3231 chenye betri ya kidonge. Kinachomekwa kwenye pini za bodi na mfumo unakitambua kwa mstari mmoja ndani ya config.txt. Pi 5 ina saa yake, ila betri unainunua mwenyewe.

Sasa niseme lililonisukuma nizungumze leo. Mwaka 2021 watu walitoka Palma na kile kilichoweza kubebwa. Daftari za shule zilibaki, kabati za zahanati zilibaki, kompyuta za mezani zilibaki. SSD ya inchi mbili na nusu inaingia mfukoni mwa shati. Ukiuweka mfumo mzima humo, pamoja na maktaba, vitabu na kazi za walimu, basi unachomoa waya mmoja na umeondoka na shule nzima. Ukifika Pemba, ukifika Mtwara, ukipata bodi nyingine yoyote inayowaka kwa USB, Pi 3, 4 au 5, unachomeka na darasa linaendelea pale lilipoishia, kwa sababu mfumo uleule wa biti 64 unawaka kwenye zote tatu. Bodi iliyobaki nyuma ni pesa iliyopotea, na pesa hutafutwa. Natumaini kwa moyo wote kwamba hakuna atakayelazimika kuondoka tena. Lakini bodi hufa pia kwa maji ya kimbunga na kwa umeme mbaya, na siku hiyo diski iliyo salama ndiyo itakayoipa shule mwanzo.

Kwa hiyo tengenezeni nakala. Diski ya pili, ya ukubwa uleule, inayonakiliwa kila mwisho wa mwezi na kuwekwa nyumba nyingine, au mji mwingine. Nakala iliyo kwenye droo ya chumba kilekile si nakala, kwa sababu moto na mvua huingia chumba kizima.

Na lipo onyo ambalo nalisema kwa uzito wote. Kitu kinachobebeka kirahisi huibika kirahisi. Maktaba ya Wikipedia ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya, heri aisome. Orodha ya majina ya wagonjwa, ya waliopokea msaada, ya familia na vijiji vyao, ni jambo jingine kabisa katika eneo kama hili. Orodha za namna hiyo zisikae kwenye diski iliyo wazi. Linux ina njia ya kuifunga sehemu ya diski kwa neno la siri, inaitwa LUKS, na ni bure. Asiyejua kuitumia asiweke majina ya watu humo mpaka apate wa kumfundisha. Sioni haraka yoyote inayotosha kuvunja sharti hili.

Kuna walio na wasiwasi kuwa Linux ni mambo ya Wazungu. Kazi ya kuileta kwa Kiswahili ina zaidi ya miaka 20. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa IT+46 wa Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupiga hesabu yenye menyu za Kiswahili kitupu. Na leo, kwenye mfumo uliousakinisha, ukifungua orodha ya lugha na nchi utakuta Kiswahili cha Tanzania, sw_TZ, na cha Kenya, sw_KE. Cha Msumbiji hakimo. Hakuna aliyekikataa, faili halijaandikwa na kupelekwa, basi. Ni faili la maandishi matupu linalotaja majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarehe, na alama ya metikali. Kijana wa Palma anayejua Kiswahili na ana subira ya wiki chache anaweza kuliandaa, na likikubaliwa litafika kwenye kila kompyuta ya Linux duniani. Mimi ningefurahi sana kuliona hilo likitoka hapa, kuliko kutoka Maputo au Dar es Salaam.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Mliofanya kazi na makampuni na ofisi za Afungi na Pemba, mlio na laptopu zilizokufa makabatini, fungueni mtoe SSD zilizo ndani, mfute mambo yenu, mziwasilishe kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu. Mafundi wa simu, msikatae kumsaidia mwalimu huyo kwa kuwa hana pesa ya leo. Na wewe mwalimu, ukishapata bodi, diski na adapta inayoifaa bodi hiyo, anza na toleo la Lite na Wikipedia ya Kireno na ya Kiswahili. Mengine yaongeze baadaye, hata moja kwa mwezi.